Don Herbert: Rubani wa vita aliyegeuka Mr. Wizard na kufunza watoi sayansi kwa mayai na mikebe

Tuanze na yai. Si la kukaanga, hili limechemshwa mpaka likaiva kabisa na ganda limetolewa. Liweke juu ya chupa ya kioo ambayo mdomo wake ni mdogo kidogo kuliko yai lenyewe. Halipiti. Ukilisukuma kwa kidole utalipasua tu. Sasa litoe, washa kipande cha karatasi, kitumbukize ndani ya chupa na urudishe yai haraka. Moto unazima. Yai linatetemeka, linajinyoosha, halafu pap! Liko ndani, na hakuna mtu ameligusa.

Mtoi yeyote akiona hiyo kitu mara ya kwanza anatoa macho, kisha anataka kujua imewezekanaje. Kuna msee Mmarekani aliyefanya hiyo sura ya mtoi kuwa kazi yake kwa karibu nusu karne. Jina lake Don Herbert, lakini Wamarekani wengi waliokua kati ya miaka ya 50 na 90 wanamjua kwa jina la kazi: Mr. Wizard.

Kwetu ukitafsiri hilo jina vile lilivyo unapata Bwana Mchawi, na huku ukiitwa mchawi unahama mtaa usiku huohuo. Kumbe kazi yake ilikuwa kinyume kabisa. Mchawi huficha siri ya mambo yake. Huyu jamaa alikuwa anafanya kiini macho halafu anakufungulia kila kitu mpaka na wewe ukakifanye kwenu jikoni.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1917 huko Waconia, mji mdogo katika jimbo la Minnesota. Jina kamili ni Donald Jeffrey Herbert Kemske, lakini hilo la mwisho alikuja kuliacha njiani. Akasomea chuo cha walimu cha La Crosse, jimbo la Wisconsin, na akamaliza 1940. Masomo yake yalikuwa Kiingereza na sayansi ya jumla. Shika hapo kwenye sayansi ya jumla, kwa sababu watu wengi hudhani huyu alikuwa profesa fulani wa fizikia aliyeamua kupanda kwenye runinga. Wapi! Hakuwahi kuwa mwanasayansi wa maabara. Moyo wake ulikuwa kwenye maigizo. Alikuwa na makaratasi ya kufunza lakini alikuwa anataka jukwaa.

Na jukwaani alifika. Alifanya kazi na vikundi vya maigizo vya msimu wa kiangazi, na mmoja wa waigizaji aliopanda nao jukwaani alikuwa dada anayeitwa Nancy Davis. Huyo Nancy ndiye alikuja kuolewa na Ronald Reagan na kuishia Ikulu ya Marekani kama mke wa rais. Basi kama uliwahi kudhani klabu ya maigizo ni ya watu wasio na form, hapo umepata jibu.

Halafu vita vikaingia. Mwaka wa 1942 Herbert alijitolea jeshini akiwa askari wa cheo cha chini kabisa, na wakamfunza urubani. Akapewa B-24, ile ndege kubwa ya mabomu yenye injini nne, na akapelekwa Italia. Kutoka huko aliruka safari 56 za vita. Sijui kama unaelewa hiyo namba. Hizo ndege zilikuwa zinapaa mchana kweupe, zinapita juu ya mizinga ya adui polepole na katika mstari, na nyingi hazikurudi. Kila asubuhi ukiitwa unajua kuna uwezekano mzuri kabisa kwamba jioni kitanda chako kitabaki kitupu. Yeye alienda mara 56 na akarudi mara 56. Walimpa nishani ya Distinguished Flying Cross na nyingine ya Air Medal, na 1945 akatoka jeshini akiwa kapteni.

Sasa hapa ndipo huyu msee ananishangaza. Na rekodi kama hiyo angeweza kukaa maisha yake yote akisimulia vita kwenye baa. Badala yake alienda Chicago kutafuta kazi redioni, na alichopata ni kuigiza sauti katika michezo ya kuigiza ya watoto. Kapteni mzima mwenye nishani, anasimama mbele ya maikrofoni kusomea watoi vituko. Lakini hapo ndipo alipojifunza kitu ambacho chuo hakikumfunza: mtoto akichoka na wewe hakuvumilii kwa heshima kama mtu mzima. Anaenda tu. Pia alishughulika na kipindi cha redio kuhusu afya, na polepole wazo likaanza kuchemka. Ana sayansi kidogo, ana maigizo mengi, na kuna mashine mpya inaingia kwa nyumba za watu inaitwa televisheni. Je, ukiziunganisha?

Tarehe 3 Machi 1951, stesheni ya WNBQ ya Chicago, ambayo ilikuwa ya mtandao wa NBC, ikaanza kurusha Watch Mr. Wizard. Herbert alikuwa na miaka 33. Waliotoa chapaa ya kwanza walikuwa chama cha watengenezaji wa nafaka za kiamshakinywa, kwa hivyo sayansi ya watoi wa Marekani ililipiwa na watu wa cornflakes. Haina shida, pesa ni pesa.

Shoo yenyewe ilikuwa simple hadi unashangaa. Nusu saa, nyeusi na nyeupe. Mtoto wa jirani, wa umri wa miaka 11 hadi 13 hivi, anaingia kwa nyumba ya Mr. Wizard. Anamkuta na shati la mikono mifupi na tai. Hakuna koti jeupe, hakuna miwani ya maabara, hakuna nywele zimesimama kama mwendawazimu wa kwenye sinema. Mezani kuna vitu vya kawaida: glasi, mshumaa, baluni, chumvi, mkebe. Mr. Wizard anafanya kitu cha ajabu, kisha anamuuliza mtoi anadhani ni nini kimetokea. Mtoi anabahatisha na anakosea. Wanajaribu. Mtoi anakosea tena, lakini safari hii amekaribia. Halafu anapewa afanye mwenyewe kwa mikono yake.

Hiyo ya vitu vya kawaida haikuwa kwa sababu ya kukosa bajeti, ingawa nina uhakika wenye pesa hawakulalamika. Herbert alikuwa na hesabu yake. Ukimwonyesha mtoto mashine ya maabara inayong'aa, anachojifunza ni kwamba sayansi ni ya watu wengine, wenye majengo makubwa na mageti. Ukimwonyesha kwa glasi na maji, shoo ikiisha anaingia jikoni. Kipindi hakikuishia kwenye skrini. Kilikuwa kinaishia kwa mathe akipiga kelele kwamba nani amemaliza kibiriti.

Chukua ile ya mkebe, ambayo kama ulifanya fizikia ya form one lazima unaikumbuka. Unaweka maji kidogo kwenye mkebe wa bati, unachemsha mpaka mvuke ujae na kufukuza hewa yote nje. Unatoa kwenye moto, unafunga kifuniko mara moja na kuumwagia maji baridi. Mvuke unarudi kuwa matone, ndani kunabaki karibu utupu, na ghafla mkebe unajikunja kama umekanyagwa na matatu. Aliyeukunja ni nani? Ni hii hewa tunayopumua. Inatusukuma kutoka kila upande tangu tuzaliwe, ila hatuisikii kwa sababu ndani yetu pia kuna msukumo wa kuijibu. Wengi wetu hiyo tuliisoma kwenye ukurasa wenye mchoro, tukakariri, tukaandika kwa mtihani na tukasahau. Kuisoma na kuusikia ule mlio wa bati likijikunja ni vitu viwili tofauti kabisa. Herbert alijua hivyo, na ndiyo maana hakuanza na maelezo. Mlio kwanza. Jina la kitaalamu litakuja baadaye, na kama halikuja hakuna aliyekufa.

Halafu kumbuka hii yote ilikuwa live. Mkanda wa kurekodi video ulianza kutumika kwenye stesheni 1956. Kabla ya hapo, ukitaka kuhifadhi kipindi ulielekeza kamera ya filamu kwenye skrini ya televisheni na kupiga picha ya picha, na matokeo yake ni yale maukungu tunayoyaona leo kwenye klipu za zamani. Kwa hivyo yai likikataa kuingia, taifa zima linaona limekataa. Maji yakichelewa kuchemka, huwezi kukata na kurudi yakiwa yamechemka. Lazima uongee mpaka yachemke, na maneno yako yawe na maana, na mtoi aliye karibu nawe asianze kuangalia dari. Sisi siku hizi tukirekodi video ya sekunde 30 tunarudia mara 20. Herbert alifanya vipindi 547 kwa miaka 14. Pengine mtu akishaingia angani mara 56 chini ya mizinga, yai halimtetemeshi.

Jambo lingine ambalo watu hulipita haraka: jirani hakuwa mvulana kila wakati. Kulikuwa na wasichana pia, na walikuwa wanashika moto, kumimina, kukisia na kubisha kama wavulana. Mmoja wao, Rita MacLaughlin, alikuja kuwa mwigizaji wa televisheni ukubwani. Leo unaweza kuona hiyo ni kawaida. Marekani ya miaka ya 50 haikuwa kawaida. Msichana kwenye tangazo la runinga alikuwa anashika ufagio. Kuna mabinti waliokaa sakafuni Jumamosi wakaona binti wa umri wao akipewa kibiriti na kuulizwa anafikiria nini, na mtu mzima akasubiri jibu. Hiyo ya kusubiri jibu si kitu kidogo.

Kipindi kikabamba vibaya sana. Kilipata tuzo ya Peabody ya 1953, ambayo kwa watu wa redio na televisheni za Marekani si ya kuchezea. Mwaka wa 1955 kikahamishiwa New York. Kufikia katikati ya miaka hiyo ya 50, vilabu vya sayansi vya Mr. Wizard vilikuwa vimepita 5,000 Marekani na Kanada, na wanachama zaidi ya 100,000. Vilabu, si wafuasi. Kulikuwa hakuna kitu cha kubonyeza. Ilibidi watoi wakutane mahali, na mikebe yao, na moto wao, na mzazi mmoja mwenye wasiwasi.

Halafu Oktoba 4, 1957, Wasovieti wakarusha Sputnik, kitu cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuzunguka dunia kutoka angani. Marekani ikaingiwa na kiwewe. Mbona wenzetu wametupita? Watoto wetu wanafunzwa nini? Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya kumwaga pesa kwenye masomo, sayansi na hesabu zikiwa mbele. Ghafla kila mtu alikuwa anataka watoto wapende sayansi. Herbert alikuwa ameshalifanyia hilo kazi miaka sita, na mayai.

Pembeni alikuwa anahasla pia. Katika miaka hiyo ya 50 kampuni ya General Electric ilikuwa na kipindi chake cha maigizo kwenye televisheni, na Herbert alikuwa anaingia hapo kueleza maendeleo ya teknolojia ya kampuni. Mtangazaji mkuu wa hicho kipindi alikuwa nani? Ronald Reagan, mume wa yule Nancy wa jukwaani. Dunia ni ndogo jamani, hata Marekani.

Lakini mambo ya televisheni unayajua. Mwaka wa 1965 NBC ikaizima Watch Mr. Wizard. Wakati huo Jumamosi asubuhi za Marekani zilikuwa zinamezwa na katuni. Ukiwa meneja wa stesheni, na umeona watoto milioni kadhaa wanakodolea katuni na wenye matangazo wanapanga foleni, halafu upande huu una mzee na tai anayengoja maji yachemke, hesabu unaijua. Sisemi ni hesabu nzuri. Nasema ndiyo inayofanywa, wakati ule na leo, na hata kwetu. Angalia vipindi vya watoto vinavyofunza kitu, viko saa ngapi, na ni nani anavilipia.

Hapa wasee wengi wangekunja virago. Herbert alikuwa anakaribia miaka 50, ana jina, angeenda kuuza magari. Badala yake akaendelea kutengeneza filamu za sayansi za shule. Mwaka wa 1971 shoo ikarudishwa, safari hii ikiwa na rangi, na ikatengenezwa Ottawa, Kanada, kwa kushirikiana na CBC. Hiyo ni stesheni ya taifa ya Kanada, si hii CBC yetu ya kubeba maboksi na gundi mpaka mzazi analia. Ikaenda msimu mmoja tu na ikazimwa tena. Mara ya pili.

Nadhani hiyo ya pili ndiyo iliuma zaidi, ingawa sina njia ya kuingia moyoni mwa marehemu. Mara ya kwanza unaweza kusema watu wamechoka baada ya miaka 14. Mara ya pili ni kama umeambiwa wakati wako umepita. Sesame Street ilikuwa imeanza 1969 na kubadilisha kabisa mwendo wa televisheni ya watoto: vipande vifupi, wimbo, kikaragosi, rangi, twende. Herbert alikuwa wa polepole. Alikuwa anaamini mtoto anahitaji muda wa kukosea.

Basi akajifunza kukata. Mwishoni mwa miaka ya 70 alikuwa anatengeneza taarifa fupi fupi za sayansi za kuwekwa ndani ya habari za jioni, sekunde 80 hivi kila moja. Msee aliyezoea nusu saa nzima kwa wazo moja, sasa anaeleza jambo kabla hujamaliza kupakua ugali. Mwaka wa 1980 akatoa kitabu cha majaribio ya vitu vya supamaketi. Na tarehe 1 Februari 1982, David Letterman alipofungua shoo yake mpya ya usiku kwenye NBC, wageni wa usiku wa kwanza kabisa walikuwa Bill Murray na huyu mzae. Fikiria hiyo. Watu waliokuwa sasa wanaendesha televisheni ya utani na ukali ni walewale watoto waliokua wakimwangalia.

Mwaka wa 1983 Nickelodeon, stesheni ya watoto ya kebo ambayo ilikuwa na miaka michache tu tangu ianze, ikampa nafasi. Kipindi kikaitwa Mr. Wizard's World, kikatengenezwa Calgary, Kanada. Herbert alikuwa na miaka 66. Wenzake wa rika lake walikuwa wanalisha njiwa, yeye yuko studio na watoto wa shule ya msingi wakizimua soda. Safari hii nusu saa iligawanywa vipande vingi: jaribio moja la haraka, kitu cha jikoni, ziara ya mahali fulani, mnyama, kiini macho, kwisha. Vipindi 78 vilitengenezwa na vilikuwa hewani mpaka 1990, halafu marudio yake yakaendelea hadi 2000. Kwa hivyo kuna familia ambapo babu na mjukuu wote wanajua Mr. Wizard, kila mmoja wa kwake.

Kama utaingia mtandaoni kumtafuta, ngoja nikuonye mapema. Kuna video za watu waliokusanya zile nyakati ambapo mzae alikuwa anawakata watoi maneno. Mtoto anajibu, yeye anasema hapana. Mtoto anashika kitu, yeye anamtoa mkono. Watu wanacheka wakisema huyu babu alikuwa mkali kama mwalimu wa zamu. Na kweli, zikiwekwa pamoja hivyo, zinachekesha na zinatisha kidogo. Hakuwa mtu wa kumwambia mtoto amejaribu vizuri wakati hajajaribu. Mimi naona kuna kitu kingine hapo. Watangazaji wengi wa vipindi vya watoto huongea na mtoto kwa ile sauti ya kubembeleza, kama anaongea na paka. Herbert alikuwa anaongea na mtoi kama mtu mzima anayefanya kazi naye: shika hapa, usimwage, umekosea, fikiria tena. Unaweza kusema alikosa upole, na siwezi kukubishia. Lakini hakuwahi kudhani mtoto ni mjinga.

Pia hakubaki kwenye skrini tu. Timu za Mr. Wizard zilikuwa zinazunguka shule za msingi, wanafunzi wanakusanywa ukumbini na majaribio yanafanywa jukwaani mbele yao. Na mwaka wa 1994, akiwa na miaka 77, alitengeneza Teacher to Teacher with Mr. Wizard, na safari hii hakuwa anaongea na watoto. Alikuwa anaongea na walimu wao wa shule za msingi, akionyesha jinsi mwalimu wa kawaida anavyofunza sayansi kwa kuacha watoto washike vitu. Hii ndiyo kazi yake ambayo haina mashabiki na haina klipu za kuchekesha, na mimi naiona ndiyo ya akili kuliko zote. Mwalimu wa shule ya msingi anafunza kila somo. Wengi waliiogopa sayansi tangu wakiwa wanafunzi, sasa wamepewa chaki wafunze kitu wanachokiogopa. Mwalimu akiogopa, atasoma kitabu kwa sauti na darasa litanakili. Ukimtoa huyo mmoja woga, umewafikia watoi wa darasa zima, na wa mwaka ujao, na wa mwaka wa baadaye. Televisheni haina uwezo huo. Inafanya kazi ikiwa imewashwa tu.

Kufikia hapo kulikuwa na sura mpya. Bill Nye alianza shoo yake 1993, na tai ya kipepeo, muziki, kamera zinaruka huku na huku, mbio za watu waliokunywa kahawa nyingi. Ukiangalia haraka unaweza kudhani hawa wawili hawana undugu. Lakini Herbert alipofariki, Nye mwenyewe aliandika gazetini kumshukuru, na hakuficha kwamba njia aliyopita ilikuwa imefyekwa na huyo mzae.

Don Herbert alifariki nyumbani kwake Bell Canyon, California, tarehe 12 Juni 2007, kwa saratani. Alikuwa na miaka 89, na alibakiza chini ya mwezi mmoja kugonga 90. Aliyekuwa naye ni mke wake wa pili, Norma. Vile vipindi vyake vya kwanza vilivyosalia, vyenye maukungu, bado unaweza kuvipata. Ukivitazama, mwanzo utachoka, kwa sababu hakuna muziki na hakuna mtu anayepiga kelele. Mpe dakika tano.

Na lile yai? Bado liko ndani ya chupa, sijasahau. Wengi wanadhani moto ulikula hewa yote ikabaki nafasi, na hata vitabu vingine huandika hivyo. Kinachofanya kazi zaidi ni joto. Karatasi ikiwaka, hewa ndani inapata joto, inapanuka na sehemu yake inatorokea pembeni mwa yai, ndiyo maana linatetemeka. Moto ukizima, hewa iliyobaki inapoa na kunywea, msukumo wa ndani unashuka, na hewa ya nje inalisukuma yai ndani. Kulitoa, mwaga jivu kwanza, pindua chupa mpaka yai likae mdomoni kwa ndani, weka mdomo wako hapo na upulize kwa nguvu hewa ipite pembeni. Halafu toa uso haraka. Kama kuna mtoi hapo kwenu, usimwambie litatoka vipi. Muulize yeye kwanza, na ungoje.